Sina hela: sarafu za kale na adabu za wanaozikusanya

Leo siandiki habari za lekcha wala foleni ya kafteria. Kuna watu wananiuliza kila Jumamosi mchana napotelea wapi na kile kikopo cha biskuti, na wengine wameshanizushia kwamba nauza karanga. Siuzi karanga! Humo ndani kuna sarafu za zamani, na tupo watu saba hapa kampasi tunaokutana kuzitazama, kubadilishana na, tusidanganyane, kutaniana mpaka jua linazama. Watu wa bweni letu wanatuita Benki Kuu. Anayetunza kopo la pamoja tunamwita Gavana, na cheo hicho kinazunguka kila muhula.

Sasa kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia, nimeamua niwaandikie kidogo historia ya mchezo huu na adabu zake. Maana una adabu jamani, tena kali kuliko za chumba cha mtihani.

Tuanze na maneno, kwa sababu hata kama hujawahi kushika sarafu ya zamani, unaitaja kila siku. Ukisema "sina hela" unataja Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika hapa kwetu mwaka 1904, pale serikali ya kikoloni ilipoigawa rupia katika heller 100. Na heller yenyewe ilipata jina kutoka mji mdogo wa Schwäbisch Hall huko Ujerumani, ulikokuwa unapigwa senti za fedha tangu zama za kati. Kwa hiyo mtu wa Mbagala akilalamika kwamba hana hela, kumbe anautaja mji ambao hajawahi kuusikia maishani mwake. Pesa nayo ni paisa ya Wahindi. Kabla ya heller, rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu ileile ya India, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipopiga pesa zake za shaba kuanzia 1890 iliweka tai wa Kaiser upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, yakisema ni za kampuni ya Kijerumani, pamoja na mwaka wa Hijria 1307. Mjerumani alijua fika kwamba msomi wa pwani anasoma Kiarabu, siyo Kijerumani.

Ninayoipenda zaidi ni dala. Kuna bonde la madini lililoitwa Joachimsthal, leo liko Jamhuri ya Czech. Fedha yake ilianza kupigwa sarafu kubwa kubwa karibu mwaka 1520, zikaitwa thaler, thaler ikazaa dollar, dollar ikafika kwetu ikawa dala, yaani shilingi tano. Halafu nauli ya magari ya watu binafsi hapa Dar ikawa hiyo dala, kondakta anaita "dala, dala!", na ndivyo inavyosimuliwa jina la daladala lilivyozaliwa. Mgodi wa Ulaya mpaka kubanana kwenye mlango wa gari la Mwenge. Nikiwaambia historia ni tamu mnanibishia.

Haya, adabu.

Ya kwanza mtu anayofundishwa akija kijiweni ni namna ya kushika. Sarafu inashikwa ukingoni, kwa kidole gumba na cha shahada, kama unavyoshika sahani ya CD, usiguse uso wake hata kidogo. Vidole vina jasho na mafuta, na alama ya kidole kwenye shaba inakaa miaka. Pili, unaishikia juu ya meza, na juu ya meza pametandikwa kitambaa. Sisi tunatandika kanga ya mmoja wetu, imeshachakaa mpaka jina limefutika. Ukiinua sarafu ya mwenzio juu ya sakafu ya saruji utasikia watu sita wanapumua kwa pamoja! Tatu, unatazama moja, unairudisha, ndipo unachukua nyingine. Mbili mkononi kwa wakati mmoja hairuhusiwi. Na mikono yote ionekane.

Mgeni akisikia hiyo ya mwisho huwa anakasirika. "Kwani mimi mwizi?" Hapo ndipo Gavana humtolea hadithi ya Sheldon, na ngoja niwasimulie na nyie. William Sheldon alikuwa Mmarekani, daktari wa saikolojia, yuleyule aliyewapanga watu kwa maumbo ya miili yao, mambo ambayo leo wasomi wanayatazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 1949 alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani ya mwanzo, na humo akaweka kipimo cha hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70. Moja ni ile iliyolika mpaka unakisia tu, sabini ni ile isiyo na dosari. Kipimo hicho wakusanyaji wengi wanakitumia mpaka leo. Basi bwana, mtu huyo huyo, profesa mzima, mwenye kipimo chake, alikuwa akiingia kwenye hazina ya chama kikubwa cha wanasarafu cha New York, anaazima trei, anatazama kwa utulivu, na anabadilisha: anaweka senti yake mbovu, anaondoka na nzuri. Kwa sababu idadi haikupungua, hakuna aliyeshtuka. Alifariki 1977, na uchunguzi uliokuja baadaye ulionyesha alibadilisha zaidi ya senti 100 za chama. Walizigundua kwa kulinganisha picha za zamani, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Kwa hiyo tukikuambia mikono mezani hatukutukani. Tunamwambia hata Gavana. Na mtu akichelewa kurudisha sarafu kwenye kanga, utani ni mmoja tu: "Profesa, tumekuona!" Kuna kaka mmoja wa Uhandisi ameshaitwa Profesa mara nyingi kiasi kwamba sasa anaitika.

Adabu ya pili ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa, nayo ni kutosafisha. Sisi watu wa pwani tumelelewa na ukwaju na majivu. Sufuria ya shaba, sinia, mlango wa Zanzibar wenye misumari ya shaba, vyote vinasuguliwa kwa limau na mchanga mpaka ving'are, na nyumba isiyong'aa ni nyumba ya mvivu. Sasa unamwambia mtu mwenye malezi hayo kwamba sarafu nyeusi aliyoikuta kwenye sanduku la bibi asiiguse? Anakuona mchafu. Lakini ule weusi na ukijani ni ngozi ya sarafu. Umejijenga polepole na unaulinda mchoro chini yake. Ukisugua unaondoa ngozi pamoja na ncha za nywele za mfalme, na hairudi tena. Na siyo maskini tu wanaoponza. Mfalme Farouk wa Misri alikuwa na moja ya hazina kubwa kabisa za sarafu duniani, na baada ya kupinduliwa mwaka 1952 vitu vyake vikapigwa mnada Cairo mwaka 1954. Wanunuzi walikuta sarafu nyingi zimepolishiwa kama vijiko vya chai. Mpaka leo sarafu iliyopita kwake inaulizwa swali hilo kwanza.

Hapa niwape kisa cha kijiweni. Muhula uliopita mshikaji mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja anatembea kwa maringo, ameshika kikunjo cha karatasi ya daftari. Alisema ameleta dhahabu ya Tabora. Mkashangaa? Sisi tulisimama! Akafungua. Kitu kinang'aa njano, kinameta, ungedhani kimetoka kwa sonara asubuhi ile. Gavana akakichukua kwa ukingo, akakigeuza mara moja, mara mbili, akauliza taratibu, "Mdogo wangu, tembo yuko wapi?"

Ili mcheke pamoja nasi lazima mjue historia yake, na hii ni sehemu ninayoweza kuisimulia usiku kucha.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza waliifunga bahari ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Meli za Berlin haziji, na bila meli hakuna sarafu mpya. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ikaanza kuchapa noti humu humu ndani ya nchi, karatasi za hovyo hovyo, lakini askari, wapagazi na wauza chakula walitaka chuma wanachoweza kukigonga kikalia. Karatasi ya serikali inayorudi nyuma vitani ina thamani gani kwa mama anayeuza mtama? Basi mwaka 1916, Tabora, kwenye karakana ya reli, wakageuza mitambo ya mabehewa kuwa kiwanda cha kupiga sarafu. Walipiga heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na shaba nyekundu, zenye taji, herufi DOA na mwaka 1916, na chini yake herufi T ya Tabora. Ukizitazama nyingi zina nyufa, zimepinda, maandishi yamekaa upande. Ni sarafu zenye haraka.

Halafu wakapiga na dhahabu. Dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Singida. Ni rupia 15, gramu saba na kidogo, zilipigwa kama 16,000 hivi. Upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake. Mchoro wa tembo huyo unatajwa kuwa kazi ya sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, ambayo leo tunaiita Sri Lanka. Fikiria: dhahabu ya Singida, mashine za reli, mkono wa mtu wa Ceylon, tai wa Kaiser, na mlipwaji ni mtu anayepigana vita isiyo yake. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, mchezo ukaisha. Sarafu ile ilitoka miezi michache tu.

Kwa hiyo turudi kwa mshikaji wetu. Alikuwa na heller 5 ya shaba ya njano, sarafu nzuri kabisa ya Tabora ileile, na mjomba wake alikuwa ameisugua kwa Brasso wiki nzima akiwa na matumaini ya kujenga nyumba. Tembo hakuwepo. Jamani tulicheka! Mmoja akasema tembo kakimbia harufu ya Brasso. Mwingine akasema yuko Mikumi, tukamfuate. Lakini angalieni adabu ilivyo: baada ya kucheka, Gavana alimkalisha, akamwonyesha ile T, akamwambia habari ya karakana ya reli, akamuuliza sarafu ilifikaje kwao. Ikatokea kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi. Hapo kicheko kikaisha chenyewe. Watu walipokezana ile heller kimya, kwa ukingo, mmoja baada ya mwingine. Mchezo wetu unaruhusu kumcheka mtu kwa alichofikiri. Kuicheka sarafu ya ukoo wake hairuhusiwi, na anayevuka hapo anaambiwa palepale.

Sheria nyingine ndogo ndogo nizipitie haraka. Humuulizi mtu alinunua kwa bei gani mpaka aseme mwenyewe. Humwambii "mimi ninayo nzuri zaidi" mtu anayekuonyesha yake kwa furaha, subiri angalau apeleke wali wake tumboni. Ukibadilishana na ukajuta, umejuta, usirudi Jumatatu na sura ya msiba. Ukiona kosa kwenye lebo ya mwenzio, unamvuta pembeni.

Utani wenyewe siyo wa leo, pwani ilishazoea kuzitania fedha za watu. Karne ya 19 huku kulikuwa na reale za kila aina. Kulikuwa na ile ya Kihispania yenye nguzo mbili pembeni ya ngao, nguzo ambazo kwao ziliashiria mlango wa bahari ya Mediterania. Wazee wetu wakazitazama, wakaona mizinga, wakaiita reale ya mzinga. Basi, imeshakuwa mizinga. Na ile yenye uso wa malkia Maria Theresa wa Austria ikaitwa reale ya Sham. Huyu mama alifariki 1780, na sarafu yake imeendelea kupigwa na mwaka huohuo 1780 juu yake kwa zaidi ya miaka mia mbili, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikataa kabisa mwaka mwingine. Walihesabu mpaka lulu za kwenye kishikizo cha bega lake. Lulu ikipungua moja, rudisha fedha yako. Dada mmoja wa Uchumi kijiweni kwetu hawezi kupokea chenji dukani bila kuigeuza na kusema "ngoja nihesabu lulu". Wauza duka wameshamzoea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Utani umeisha hapa.

Petrarca, yule mshairi wa Italia wa karne ya 14, anahesabiwa miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo kabisa wa sarafu za kale Ulaya. Aliandika kwamba akiwa Roma, watu waliokuwa wanalima mizabibu walikuwa wakimletea vito na sarafu za kale walizozifukua kwa jembe, ama anunue, ama awaambie ni uso wa nani ule. Na mwaka 1354 alimpa mtawala Charles IV baadhi ya sarafu hizo, zenye nyuso za Makaizari, kwa nia ya kumsukuma afuate nyayo zao. Kila anayesimulia habari hii huenda moja kwa moja kwa Charles. Mimi nimebaki kwa mkulima wa mizabibu. Alipewa nini? Mmoja anajua ule uso ni wa nani, mwingine ana njaa na jembe. Adabu zote za kushika kwa ukingo ni ndogo mbele ya hiyo. Kijiweni tuna kanuni ya wazi: anayejua hanunui kwa asiyejua mpaka amwambie anachokijua. Rahisi kusema.

Mwaka jana dada mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Kilwa, alituletea sarafu tano ndogo za shaba kwenye pindo la kanga. Kijani kibichi, nyembamba, ukubwa wa kifungo cha shati. Mjomba wake, mvuvi, aliziokota kidogo kidogo mvua ikishaosha ardhi karibu na magofu. Dada wa kundi letu anayesoma Kiarabu alizigeuza chini ya lenzi, dakika kumi hivi hatukuongea, kisha akasoma: Ali bin al-Hasan.

Sijui niwaelezeje. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, za shaba zaidi, na hazina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno kwamba anamtegemea Mola, na maneno hayo yalichaguliwa yafungane kina na jina lake. Sultani akibadilika, kina kinabadilika. Unaisoma upande huu, unaigeuza, na upande wa pili unajibu. Watu walikuwa na vina mfukoni!

Na hizo tano zilikuwa na mnunuzi. Mgeni fulani aliyepita kule alimwahidi mjomba shilingi 40,000 kwa kila moja, kwa hiyo 200,000 taslimu. Mjomba alikuwa na mashine ya boti iliyokufa. Alimtuma mpwa wake aulize chuoni kama bei hiyo ni haki, basi.

Tulibishana mpaka usiku. Kaka wa Uhandisi (Profesa wetu) alisema auze, boti ni ya leo na Ali bin al-Hasan alishazikwa. Mwingine akaleta Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964: kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 ni mali-kale, huuzi wala husafirishi nje bila kibali. Dada wa Kilwa akauliza, sawa, na sheria hiyo inatengeneza mashine ya boti? Hakuna aliyejibu. Na kusema kweli swali lake lilikuwa zuri kuliko sheria yetu.

Mimi nilizungumzia mahali. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama magamba ya samaki, pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi zenye miaka yake. Dinari ya mwisho ilikuwa ya 1066. Na kati ya zile za fedha kulikuwa na jina la Ali bin al-Hasan. Kwa kuwa zilikaa pamoja, ghafla sultani ambaye wanahistoria walikuwa wamemweka nyuma zaidi kwenye orodha alisogea hadi karne ya 11. Zingeuzwa moja moja sokoni, tungebaki na makosa yetu. Songo Mnara, jirani kabisa na kwa mjomba, imechimbuliwa hazina ya sarafu za shaba zaidi ya 300, na sarafu nyingine zimekutwa zimewekwa makaburini kama tunavyoweka ubani. Sarafu iliyowekwa juu ya kaburi la mtu siyo chenji tena. Lakini utajuaje kama mtu ameiokota na kukuletea ikiwa peke yake?

Nikawapa na habari ya Isenberg. Maurie Isenberg, askari wa Australia, mwaka 1944 alikuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, akaokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazipeleka kuchunguzwa: nne za Kiholanzi, na tano za Kilwa. Kilwa, Australia! Hakuna anayeweza kueleza kwa hakika zilifikaje. Ila aliweka alama ya msalaba kwenye ramani, mahali alipoziokotea, na kwa sababu ya msalaba huo watafiti walikuwa na pa kurudi. Tano zake na tano zetu. Niliona hata Profesa amenyamaza.

Mwisho dada alimpigia mjomba, akamsalimu shikamoo, akamuuliza kila moja ilitoka wapi. Mjomba alikumbuka tatu: moja chini ya mbuyu, mbili kwenye njia ya kisimani. Tulichora ramani, kila sarafu kwenye bahasha yake na jina lake la mahali. Likizo ilipofika alizipeleka kwa wahusika wa mambo ya kale, akapewa karatasi yenye muhuri. Sisi saba tulichanga tukapata 85,000, na tulimwambia mjomba wazi kwamba huo ni mchango wa boti, hatukununua kitu. Alizipokea. Lakini hadi leo akiongea na mpwa wake anafupisha, na mashine aliinunua kwa mkopo.

Hilo linanikera, kwa sababu naamini tulifanya sawa na bado aliyelipia ni yeye. Tulipata sultani, vina, na ramani ya kujivunia. Yeye alipata 85,000 na karatasi iliyobaki kwa mpwa wake. Nimependekeza kijiweni kwamba kuanzia sasa, mtu wa kwanza kuandikwa kwenye bahasha awe aliyeiokota, kwa jina lake kamili akikubali, kabla ya sultani. Wawili wamekataa, wanasema tutajaza majina ya watu. Gavana amesema tupige kura Jumamosi. Kama una sarafu yoyote ya nyumbani njoo nayo, tunaanza saa nane. Ya heller, ya senti kumi yenye tundu, hata ile ya sungura ya 1966. Usiioshe tu.